Siku Pantoni Ilipokosa Gati

Nyinyi vijana mnapita juu ya daraja la Kilombero mkiwa mmeinamia simu zenu, na mto hamuuoni. Siwalaumu sana, maana mto usiokusumbua huwezi kuujua. Mimi ulinisumbua miaka mingi, ndiyo maana nikianza kuuzungumzia hakuna wa kuninyamazisha, hata bibi yenu ameshakata tamaa.

Nilikuwa mvuta pantoni. Nikisema hivyo leo mtu ananitazama kama nimesema nilikuwa punda. Sawa. Pantoni yetu ya miaka ya hamsini haikuwa na injini. Ilikuwa jukwaa la mbao lililokaa juu ya maboya ya chuma, na waya mnene ulivutwa kutoka ukingo wa Ifakara mpaka ng'ambo, upande wa kwenda Mahenge. Kila mmoja wetu alikuwa na kibao chenye mkato. Unaukaba waya kwa kibao, unatembea nao kutoka mbele kwenda nyuma, unaachia, unarudi mbele, unaukaba tena. Ukifika ng'ambo umetembea safari nzima na hujatoka juu ya pantoni. Mama yangu aliponiona kazini mara ya kwanza alisimama akanitazama, kisha akasema, "Mwanangu, yaani wanakulipa kwa kwenda na kurudi pale pale?"

Nyapara wetu aliitwa Kasiani, Mpogoro wa Mahenge, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini. Manyapara wengine wote niliowahi kuwaona walikuwa watu wa makelele. Huyu alisema mto una makelele yake, na ukitaka kushindana nao utapoteza sauti bure. Alitufundisha kusoma rangi ya maji, maana maji mekundu yanayoanza kubeba vijiti yanakwambia huko juu kumenyesha na jioni utayaona mengine. Alitufundisha kwamba lori likae katikati, hata dereva akinuna. Na alitufundisha kwamba kamba ya kufungia haizungushwi mkononi kamwe.

Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja. Siku zangu za mwanzo kabisa niliizungusha kamba kiganjani kama mchunga mbuzi, pantoni ikacheza, nikaenda majini pamoja na kofia yangu mpya. Mimi nilionekana, kofia hapana. Kasiani alinivuta kwa kola, akaniweka juu ya mbao, akaniuliza taratibu, "Samaki gani umewakuta huko?" Kuanzia hapo abiria wote waliniita Kambare, na wapo waliokufa bila kujua kwamba nilibatizwa Blasi.

Lakini nililomhusudu zaidi Kasiani ni namna alivyoshughulika na waoga. Masika moja tulimvusha mfanyabiashara wa mpunga kutoka Mlabani, mtu mzima na tumbo lake, ambaye hakuwahi kuvuka mto ukiwa umejaa. Tulipofika katikati, kisiwa cha majani kilichong'oka huko juu kikaja kikagonga maboya. Pantoni ikatikisika. Yule bwana akaanza kupiga mayowe na kukimbia huku na huku, na niwaambie, mtu mzito anayekimbia juu ya pantoni ni hatari kuliko kiboko aliye chini yake. Sisi tulimpigia kelele akae, naye akazidi. Kasiani akaokota kipande cha kamba ambacho hakikufungwa popote, akamwekea mikononi. "Bwana, tafadhali tusaidie," akasema. "Shika hapa. Kaza. Usiachie mpaka nikwambie."

Yule bwana akakaza. Alitokwa jasho akiivuta ile kamba isiyovuta kitu mpaka ng'ambo, kimya kabisa. Alipoteremka alitupa pole kwa kazi ngumu, akasema bila yeye hajui ingekuwaje. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kasiani hakucheka. "Mwenye hofu ana nguvu nyingi na hana pa kuzipeleka," alituambia. "Mpeni kamba."

Nilidhani lile lilikuwa somo la pantoni tu.

Halafu ikaja homa. Nasema ile homa kubwa ya mafua ya mwishoni mwa miaka ya hamsini, iliyozunguka nchi za watu kabla ya kutufikia sisi. Nyinyi mmeiona korona, kwa hiyo nusu ya habari mnaijua. Mtu anaamka mzima, jioni mifupa inamuuma kama aliyetwangwa, kesho yake nyumba nzima imelala na hakuna wa kuchota maji. Wengi waliinuka. Wazee, wajawazito na wenye vifua vibovu, baadhi yao hawakuinuka. Palikuwa na dresa mmoja kijana tuliyekuwa tukimvusha na sanduku lake la dawa, naye hakutuficha: dawa ya kuiua homa ile hakuwa nayo. Alikuwa na vidonge vya kutuliza maumivu, na maneno. Msibanane. Mwenye kikohozi akae upande ambao upepo unaondokea. Mkae nje kuliko ndani. Kasiani aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Tukawa tunavusha watu wachache wachache, na aliyekohoa alipewa nafasi yake ya pembeni kwa heshima, "Karibu mzee, kiti chako hiki hapa," kama vile ni kiti cha mheshimiwa.

Sasa sikilizeni nusu nyingine, ambayo haikuwa katika vifua vya watu bali katika midomo yao. Ifakara walisema homa imetoka ng'ambo, imeshuka na vibarua. Ng'ambo walisema homa imetoka Ifakara, imekuja na malori. Sisi wa pantoni tulizisikia hadithi zote mbili kila safari, moja tukienda na nyingine tukirudi, na wasimulizi wote waliapa. Sokoni muuza samaki alipiga chafya, meza yake ikapinduliwa, kufumba na kufumbua ndugu zake wamefika na marungu. Kijijini Kisawasawa vijana walilaza gogo barabarani wakasimama na mikuki, msafiri aliyechelewa akaambiwa alale porini na tembo. Wachuuzi wa chumvi waliogopa kuvuka, watu wa ng'ambo wakala mboga chapwa na kusema wananyimwa makusudi. Wavuvi wa kingo mbili, waliokuwa wakiazimana nyavu tangu utoto, wakaanza kukatiana nyavu hizo hizo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule watu waligeuza: mgeni rudi, mwenyeji apone.

Mtauliza askari walikuwa wapi. Walikuwa kitandani, wanatetemeka kama sisi wengine. Walikuwa wachache hata walipokuwa wazima. Jumbe naye alikuwa akisikiliza kesi dirishani huku anakohoa. Nilipata kutambua kwamba amani tuliyoizoea bondeni haikuwa ikilindwa na bunduki ya mtu. Ilikuwa inalindwa na kuzoeana kwetu, yaani wewe unanivusha leo, mimi nakuuzia chumvi kesho. Homa ilipokata hayo, tulianza kuogopana ndani ya siku chache tu.

Pale gatini, upande wa Ifakara, alikuwepo mama mmoja akiitwa Veneranda, aliyekuwa akiuza ugali na samaki wa kuchemsha. Asili yake ng'ambo. Alikuwa na ulimi unaoweza kumenya muhogo. Ukimwambia samaki mdogo, anakuuliza kama wewe ulizaliwa ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Hata hivyo hakuna mvuta waya aliyewahi kushinda na njaa mbele ya chungu chake, na tulimpenda sana, ila kwa mbali.

Mdogo wake, Mateo, mpasua mbao, alikuja Ifakara na homa ikiwa imeshamshukia kifuani. Alifia hospitalini. Veneranda akaja kwa Kasiani, kitambaa kichwani, bila neno hata moja la ukali, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kaka Kasiani," akasema, "nataka kumpeleka kwetu nikamlaze karibu na baba. Mama yangu macho yamekwisha. Nikimwambia Mateo amekufa, atanijibu sawa, halafu ataendelea kumngojea. Nataka aliguse sanduku alimolala."

Amri ya kukataza maiti haikuwepo, lakini sote tulikuwa tumesikia kwamba ng'ambo wameapa hashuki mgonjwa wala maiti. Kasiani akautazama mto. "Tutamvusha mchana," akasema mwisho, "watu wote watuone. Tukipita kwa kuficha, watasema tumeficha ugonjwa."

Basi adhuhuri tukaliweka sanduku katikati, mahali pa lori. Veneranda akakaa chini kando yake. Watu wa Ifakara walikuja wengi gatini, nasi tukadhani wamekuja kuaga, mpaka mmoja alipopaza sauti: "Na msimrudishe huku!" Wengine wakaitikia. Tukaukaba waya, tukaondoka. Maji ya masika yalikuwa hayajashuka vizuri na mto ulikuwa unavuta.

Kabla hatujafika tuliwaona. Wanaume wamejipanga gatini na mapanga na mikuki, na mbele yao, mbele kabisa ya gogo la kufungia kamba, amesimama Bakari.

Lazima mumjue Bakari. Alikuwa mvuvi, Mndamba wa mtoni hasa, Mwislamu, mtu mwenye mikono mirefu. Mtumbwi wake ulikuwa ukilala karibu na gati, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi ni yeye aliyetudakia kamba tukifika, bila kuajiriwa na mtu. Angeweza kuwa anaparua samaki, anazungumza, amekupa mgongo. Kamba ikiruka, mkono wake unaifuata wenyewe. Siku ile mkono huo ulikuwa na panga.

"Rudini!" akapiga kelele.

Kasiani akainua kiganja. Tukakaza vibao, pantoni ikasimama, umbali wa kurusha kamba. Kusimamisha pantoni kwenye mkondo ni kazi kuliko kuivuta. Mabega yanawaka.

"Habari za leo, Bakari," Kasiani akasema.

"Sina ugomvi na wewe, Kasiani. Geuza. Umebeba maiti ya homa."

"Nimebeba."

"Basi rudi naye alikotoka."

"Alikotoka nako hawamtaki. Tazama mwenyewe." Na kweli, ukigeuka unawaona watu wa Ifakara wamesimama ukingoni kwao, hawajaondoka hata mmoja.

"Hilo ni lao," Bakari akasema.

Kijana mmoja nyuma yake akarusha jiwe. Likagonga mbao, likaruka, likapita karibu na sanduku. Mwenzetu mmoja, mtu wa hasira za karibu, akaachia waya akakigeuza kibao chake kuwa rungu, na pantoni ikayumba pale pale. "Rudi kwenye waya," Kasiani akamwambia, kwa ile ile sauti yake ya chini, kama anayeomba chumvi. "Ukitaka kupigana, subiri tufike." Jamaa akarudi. Lakini niliona wale wa ukingoni wanaokota mawe mengine, na mwenzangu wa kulia akaninong'oneza kwamba mikono yake inakufa. Tungeachia, mkondo ungetubamiza kwenye waya na sanduku lingeenda majini. Nilikuwa naogopa, sitawadanganya. Nilikuwa nikilitazama lile sanduku tu.

Ndipo ikasikika sauti ya kizee kutoka nyuma ya kundi. "Veneranda? Ni wewe mwanangu? Umekuja na mdogo wako?"

Hata wenye mawe walitulia, wakatazama chini.

Veneranda akasimama. Akakaza kitambaa kichwani, akaweka mikono kiunoni, na nikaona ule ulimi umerudi mahali pake.

"Nyinyi!" akaita. "Tangu lini mkawa watani zetu?"

Hapa inabidi niwasimamishe kidogo, maana nyinyi mnajua utani wa kurushiana vijembe vya mpira tu. Kwetu utani ni kazi. Ukoo una watani wake, na msiba ukitokea watani ndio wanaochimba kaburi, wanaopika, wanaomcheka marehemu ili wafiwa wapate kupumua. Na mtani ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana: anaweza kusimama njiani akazuia maiti isipite, mpaka apewe chochote, jogoo, chumvi, hata kipande cha kamba. Akishapewa anapisha, tena anashika jembe. Mtu asiye mtani akizuia maiti, hilo si jambo la mchezo. Kila aliyekuwa ukingoni aliyajua haya tangu ananyonya.

"Mimi najua anayezuia maiti njiani ni mtani," Veneranda akaendelea. "Hakuna mwingine. Basi karibuni watani! Mmekuja wengi, na mapanga ya kufyekea makaburini mmekuja nayo, ahsanteni. Mnataka nini? Semeni! Mateo mwenyewe alikuwa bahili, hajaacha kitu, lakini mimi nina chungu cha samaki. Mkishapokea, kaburi ni lenu. Au nyinyi si watani? Kama si watani, tokeni hapo mniambie nyinyi ni nani mnaomzuia mtoto wa watu asionane na mama yake."

Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Mwingine akashusha mkuki kidogo, kama anayejikuna mguu. Nikadhani tumepona. Lakini Bakari uso wake ulikuwa umekakamaa.

"Usinifanyie utani, mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi mke wangu nimemzika Ijumaa."

Hatukuwa na habari. Kwa kuwa watu hawakuvuka, habari nazo hazikuvuka.

"Nani alikuchimbia?" Veneranda akauliza.

Bakari akalitazama panga lake.

"Nakuuliza, baba. Nani alikuchimbia kaburi?"

"Nilichimba mwenyewe," Bakari akasema. "Walisimama kule mbali. Hawa hawa. Watani zangu hawakuja. Nilimbeba mwenyewe." Na wale wanaume waliokuwa nyuma yake wakawa hawajui pa kuweka macho.

Nimeishi miaka mingi na sijaona tena kitu kama alichokifanya yule mama. Alikuwa na maiti yake mwenyewe miguuni, ya mdogo wake aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga. Akashusha mikono kutoka kiunoni. "Ewe Bakari," akasema, "pole sana. Tumekosa. Ilikuwa tuje. Mtu hachimbi kaburi la mkewe peke yake kana kwamba hana watu. Mimi kuanzia leo ni mtani wako. Nikishamzika huyu nakuja kwako, nitalia, nitapika, nitafagia kaburi, na nitamsema mkeo kwa kukuvumilia na miguu yako hiyo ya korongo. Lakini siwezi kuja nikiwa katikati ya mto."

Kasiani hakungoja zaidi. Alikuwa ameshaokota kamba ya gati bila mtu kumwona. "Bakari!" akaita, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akipaza sauti. "Shika! Kaza! Usiachie mpaka nikwambie!"

Kamba ikaruka. Na ile mikono ya miaka yote ikafanya ilichozoea. Panga likaanguka matopeni, Bakari akaidaka kamba kwa mikono miwili, akapiga fundo moja kwenye gogo na kujilaza nyuma kwa uzito wake wote. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta. Pantoni ikagusa gati.

Msidhani Kasiani aliishia hapo. Hofu ya Bakari ilikuwa na sababu. Homa haikuwa uzushi, na mtu aliyezika mke hafundishwi kuogopa. Kasiani hakumwambia asiogope. Alimwambia, "Wewe ndiye mwenye gati sasa. Dresa anasema watu wasibanane. Tupangie." Na Bakari akapanga. Alichagua wachimbaji, akawaweka mbalimbali. Akakataza watu kujazana ndani ya nyumba ya msiba, wote wakae nje, uwanjani, palipo na upepo. Mama yake Mateo akashikwa mkono mpaka kwenye sanduku, akalipapasa ubao kwa ubao, akauliza kama wamemvalisha shati lake jeupe. Veneranda akamwambia wamemvalisha. Yule mama akasema, "Haya, mwanangu amefika," akakaa chini.

Baada ya maziko Veneranda alikwenda kweli kwa Bakari. Alipika, alifagia, alimsema marehemu na miguu ya korongo haikusahauliwa. Walioshuhudia wanasema Bakari alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, halafu akalia mpaka akalala hapo hapo mkekani.

Tangu siku ile gati la ng'ambo lilikuwa na utaratibu kuliko gati lolote la serikali. Bakari na wale wale vijana wa mawe walijenga banda kando ya njia kwa ajili ya wasafiri wenye kikohozi, likawa na maji, uji na moto. Anayekohoa anapumzika humo, anayepona anaendelea. Hakuna aliyefukuzwa tena, na wachuuzi walipoona hivyo wakaanza kuvuka na chumvi. Nyavu ziliendelea kukatwakatwa kwa muda, sitaki kuwapamba watu. Lakini hakuna aliyeuawa kwenye mto wetu, na kulikuwa na kila sababu ya watu kuuawa. Watu wa Kisawasawa nao waliposikia habari ya banda, waliliondoa gogo wakajenga lao. Homa ikapita, kama zinavyopita.

Mimi niliendelea na waya mpaka ilipoletwa pantoni ya injini, iliyotufanya wavuta waya tuwe watazamaji. Nikabakizwa kama mtu wa kamba. Kasiani alikuwa ameshastaafu, akawa mtu wa kukaa Lumemo, upande wa Ifakara, akilima bustani na kuulizia kila anayepita kama mto umepanda. Alipofariki, watoto wake walitaka kumpeleka Mahenge. Ilibidi avuke.

Tuliliweka sanduku katikati, mahali pa lori. Veneranda, mzee sasa, akakaa kando yake. Tulipokaribia ng'ambo nikaona mtu amesimama peke yake mbele ya gogo, mrefu, amepinda mgongo, ameinua fimbo.

"Maiti haipiti!" akapiga kelele.

Vijana wa pantoni, ambao hawakujua lolote, wakakasirika, mmoja akataka kumtoa yule mzee njiani kwa nguvu. Veneranda akamzuia kwa mkono, na alikuwa anacheka huku mashavu yamelowa. "Mtani!" akaita. "Unataka nini?"

"Nataka kamba yake," Bakari akasema.

Wote wakanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nayo. Nikaikunja kama nilivyofundishwa, bila kuizungusha mkononi, nikairusha. Bakari akaitupa fimbo, akaidaka kwa mikono miwili, akajilaza nyuma kwa uzito wote aliobakiwa nao. Pantoni ikagusa gati, mlango ukashushwa, sanduku likateremshwa, watu wakaanza kupanda ukingo nalo. Yeye akabaki amekaza vile vile. Nikamwambia, "Mzee Bakari, tumefika, achia." Akatikisa kichwa. Alikuwa anamngojea Kasiani amwambie.